Mrututu

Historia ya dawa ya kahawa ya Kilimanjaro inaanza na wezi wa zabibu.

Ilikuwa Oktoba 1882, katika eneo la Médoc karibu na jiji la Bordeaux, Ufaransa. Profesa wa botania aliyeitwa Pierre-Marie-Alexis Millardet alikuwa akipita kando ya mashamba ya zabibu ya Saint-Julien. Miaka minne kabla ya hapo, ugonjwa mgeni ulikuwa umeonekana nchini humo, huu ambao leo wakulima wa zabibu wa Dodoma wanaujua kwa jina la ubwiri vinyoya. Uliingia pamoja na mizabibu iliyoletwa kutoka Marekani. Mizabibu hiyo ililetwa ili kuwaokoa Wafaransa na mdudu anayekula mizizi, filoksera, ambaye naye alikuwa ametoka Marekani. Yaani tiba ya balaa la kwanza ndiyo iliyobeba balaa la pili mgongoni.

Mashambani majani yalikuwa yamepukutika. Lakini mistari ya mizabibu iliyopakana na barabara ilikuwa bado na majani mabichi, na majani hayo yalikuwa na madoa ya bluu. Millardet akauliza. Akajibiwa kwamba ni mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ambao wenye mashamba huunyunyizia mizabibu ya kando ya barabara ili mpita njia akiiona ile rangi adhani ni sumu, aache kuchuma. Mtu aliyetaka kumtisha mwizi alikuwa amemtisha kuvu bila kujua. Millardet akashirikiana na mkemia Ulysse Gayon na msimamizi wa mashamba Ernest David, wakajaribu vipimo mbalimbali, na mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko ambao dunia nzima ikauita kwa jina la Bordeaux.

Kwetu haukuitwa hivyo. Kwetu uliitwa mrututu, kwa jina la lile jiwe la bluu linalotoka dukani, hata baada ya kuchanganywa na chokaa. Wataalamu huliita salfeti ya shaba. Kigujarati huliita morthuthu, na ukilitamka neno hilo haraka, kama linavyotamkwa dukani, huhitaji kamusi kukuonyesha undugu wake na letu. "Mor" kwa Kigujarati ni tausi. Kwa hiyo nikilisikia neno mrututu huwa namwona ndege yule akitembea katikati ya migomba ya Machame, jambo ambalo babu yangu angeliona la kipuuzi. Kwake mrututu ulikuwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa nzito.

Nimesoma historia, sikusoma kilimo. Ninaandika haya kwa sababu ya swali nililoulizwa na baba yangu mdogo, ambalo nitalifikia. Nilipoanza kulitafutia jibu niligundua kwamba siwezi kulijibu bila kurudi nyuma, tena nyuma zaidi ya Millardet.

Mwaka 1807, katika mji wa Montauban kusini mwa Ufaransa, mwalimu mzaliwa wa Geneva aliyeitwa Bénédict Prévost alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu ugonjwa wa ngano, aina ya fugwe inayozigeuza punje kuwa unga mweusi wenye harufu ya samaki aliyeoza. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba kuvu anayeonekana kwenye mmea mgonjwa ni matokeo ya ugonjwa, kama usaha kwenye kidonda. Prévost alisema hapana, yule kuvu ndiye ugonjwa. Tena alibaini kwamba vijimbegu vya kuvu huyo havioti katika maji yaliyogusana na shaba, hata kama shaba yenyewe iliyomo majini ni kidogo mno. Akapendekeza mbegu za ngano ziloweshwe katika maji ya mrututu kabla ya kupandwa. Wakubwa wa sayansi hawakumsikiliza. Ilichukua karibu miaka 80, na wezi wa zabibu, kwa jambo lile lile kukubalika.

Miaka hiyo 80 iliwagharimu watu wa mbali. Kutu ya majani ya kahawa ilipewa jina lake la kisayansi, Hemileia vastatrix, mwaka 1869, kutokana na majani yaliyotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakati kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani. Mwaka 1880 serikali ya kikoloni ilimleta kijana wa Kiingereza, Harry Marshall Ward, achunguze. Ward alifanya kazi nzuri sana. Alionyesha jinsi vijimbegu vya rangi ya chungwa vinavyosafirishwa na upepo, jinsi vinavyoota kwenye tone la maji chini ya jani, na jinsi mashamba makubwa ya kahawa tupu yalivyokuwa mlo ulioandaliwa mezani. Alichokosa ni dawa. Aliondoka Ceylon mwaka 1882, mwaka ule ule ambao Millardet alisimama kando ya barabara ya Saint-Julien. Wakulima wa Ceylon waling'oa kahawa, wakapanda chai.

Kilimanjaro kahawa ilifika kwa mikono ya wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaiingiza kwenye vihamba vyao chini ya migomba. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imeshageuka kuwa siasa. Walowezi wa Kizungu hawakupenda kuona Mwafrika akilima zao lile lile wanalolima wao, na hoja waliyoipenda ilikuwa ya magonjwa. Walidai kwamba mashamba madogo ya wenyeji hayatunzwi, yatakuwa kitalu cha wadudu na kutu, na maradhi yatahamia mashamba makubwa. Kenya hoja hiyo ilisaidia kuwazuia Waafrika wasilime kahawa ya Arabika kwa miaka mingi. Kilimanjaro haikufaulu. Mwaka 1925 Wachaga wakaunda chama chao, KNPA, chini ya viongozi kama Joseph Merinyo, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuilinda kahawa ya wanachama dhidi ya wadudu na magonjwa. Baadaye, mwaka 1933, nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, na mwaka uliofuata kikaanzishwa kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungu.

Wanahistoria huutazama ushirika wa Kilimanjaro kwa jicho la bei, mnada na ada za shule, na wana haki. Lakini kwa jinsi ninavyoona mimi, bomba la kupulizia dawa linastahili nafasi yake katika historia hiyo. Mkulima aliyepulizia dawa alikuwa anajibu tuhuma. Jani la kahawa lenye doa la bluu lilikuwa ushahidi kwamba mwenye kihamba hiki anajua anachokifanya, na kwamba hakuna sababu ya kumnyang'anya mibuni yake.

Babu alikuwa na ibada yake siku ya kupulizia. Mrututu uliyeyushwa kwenye chombo cha mbao au cha plastiki, kamwe si cha chuma, kwa sababu shaba hula chuma. Chokaa ilichanganywa pembeni. Kisha vilimiminwa pamoja na kukorogwa, na maji yakawa mazito yenye rangi ya anga la asubuhi. Hapo babu alichomoa kisu, akakifuta mpaka king'ae, akakichovya ndani na kusubiri. Kisu kikitoka na utando mwekundu, maana yake shaba bado iko huru ndani ya maji na itaunguza majani; chokaa ikaongezwa. Kikitoka cheupe, tulikuwa tayari. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uganga. Ni kemia ya darasani kabisa: shaba iliyoyeyuka huacha maji na kujipaka kwenye chuma.

Jambo lake la pili lilikuwa kwamba dawa hairuhusiwi kulala. Iliyochanganywa asubuhi iishe kabla ya jioni, na iliyobaki ikamwagwa, hata kama mrututu ulikuwa wa mkopo. "Imekufa hiyo," alisema, basi. Miaka mingi baadaye nilisoma sababu yake. Mrututu na chokaa vikikutana vinatengeneza chembe ndogo mno za shaba ambazo haziyeyuki kirahisi, zinashika kwenye jani hata mvua ikinyesha, na kuachia shaba kidogo kidogo kila jani linapolowa. Ukiuacha mchanganyiko ukae, chembe hizo hukua, huwa kubwa na nzito, hutuama chini, na uwezo wake wa kushika jani hupungua. Shaba ni ile ile na kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni ukubwa wa chembe. Babu hakuwa na darubini, ila alijua kwamba ukubwa wa chembe ni sehemu ya dawa.

Shaba yenyewe ina tabia mbili, na zote ni za kweli. Mmea bila shaba hauishi. Hilo lilithibitishwa mwaka 1931, na kiasi kinachotakiwa ni kidogo sana. Kikizidi, shaba hiyo hiyo huifupisha mizizi, huifanya minene na ya kahawia, na majani hugeuka manjano kwa sababu mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Wakulima wa kahawa wa Kenya na Tanganyika waliona tabia ya kwanza kwa namna ya ajabu: mibuni iliyopuliziwa shaba ilishikilia majani yake muda mrefu na kuzaa zaidi, hata mahali ambapo kutu haikuwa tatizo kubwa. Wataalamu wa Kiingereza waliliita jambo hilo kwa neno lao la dawa ya kuongeza nguvu. Basi watu wakapulizia kwa sababu ya kutu, na wakapulizia kwa sababu ya nguvu.

Kisha ukaja chulebuni. Ugonjwa huu, unaooza buni ikiwa bado changa na kijani, uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922 na ukavuka kuingia Tanzania mwaka 1964. Kutu hula majani; chulebuni hula mavuno yenyewe. Mabomba yakaongeza mizunguko, na mwaka ambao mvua ilikuwa nyingi mkulima alirudi kwenye mibuni ile ile mara baada ya mara. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti nchini Kenya wakaandika jambo ambalo sikulitarajia nilipolisoma: baadhi ya mashamba yaliyopuliziwa shaba kwa miaka mingi, au yaliyopuliziwa wakati usiofaa, yalikuwa na chulebuni nyingi kuliko yasiyopuliziwa. Maelezo mojawapo ni kwamba kwenye magome ya mbuni wanaishi vijidudu vingi visivyo na madhara, ambavyo hushindana na kuvu wa chulebuni na kumnyima nafasi. Shaba haichagui. Ikiwaua walinzi, mwizi akirudi anakuta nyumba haina mtu.

Matumizi yalipungua kwa sababu isiyohusiana na sayansi. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na miaka michache baadaye soko likafunguliwa na pembejeo za mkopo kupitia ushirika zikawa hadithi. Babu aliendelea kupulizia kwa miaka kadhaa, kila mwaka kidogo zaidi, mpaka bomba likabaki limening'inia kwenye ukuta wa banda la ng'ombe. Watafiti nao walikuwa wakitafuta njia ya kuachana na dawa: Kenya walitoa Ruiru 11 mwaka 1985, na baada ya TaCRI kuanzishwa Lyamungu mwaka 2001, Tanzania nayo ikawa na chotara zake zinazostahimili chulebuni na kutu.

Lakini shaba haiozi. Dawa nyingi nyingine huvunjwavunjwa na jua na bakteria, hata kama ni polepole. Shaba ni elementi. Ikidondoka kutoka kwenye jani inaingia ardhini, inashikamana na mboji, na inakaa hapo hapo juu, kwenye udongo ambamo mizizi ya maharage hutafuta chakula. Katika miaka ya 1980 watafiti walipima mashamba ya kahawa ya Kenya yenye umri tofauti wakakuta ambacho mtu angekitegemea: kadiri shamba lilivyokuwa la zamani, ndivyo shaba ilivyokuwa nyingi kwenye udongo na kwenye majani yaliyooza juu yake.

Nilijaribu hesabu yangu kwenye kipande cha karatasi. Udongo mwepesi wa volkano, hektari moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 2,000 hivi. Umoja wa Ulaya leo unaruhusu shaba isiyozidi kilo 28 kwa hektari katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Tuseme babu hakuzidisha kiwango hicho, ingawa enzi zake hakikuwapo. Kwa miaka 40 ni kilo 160, na ukizigawanya kwa tani 2,000 unapata miligramu 80 kwa kila kilo ya udongo, juu ya ile ambayo Mungu aliiweka. Udongo mwingi duniani una makumi machache tu. Sehemu za Florida, Marekani, ambako michungwa ilipuliziwa shaba kwa miongo mingi, wakulima walianza kuona majani ya manjano katikati ya karne iliyopita, na ilibidi wajifunze kupambana na dawa yao wenyewe.

Sasa swali la baba mdogo. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake jogoo alikuwa akiwika. "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu niangalizie hiki kitu." Chini yake kulikuwa na picha ya kopo lenye maandishi ya kigeni, tangazo la shaba ya nano: kijiko kimoja kwa bomba zima, inaua kuvu, inakuza mmea. Anataka kung'oa mibuni ya zamani iliyozeeka, apande chotara sehemu moja, na sehemu nyingine nyanya na maharage. Nikamjibu, "Shikamoo baba mdogo, nipe muda." Kwake aliyesoma ni aliyesoma, hakuna cha historia wala cha kilimo.

Nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe za nano kwa kawaida hazizidi nanometa 100, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu. Faida yake ni ile ya chumvi: bonge la chumvi na kijiko cha chumvi laini, kwa uzito ule ule, haviyeyuki kwa kasi moja, kwa sababu kilichosagwa kina eneo kubwa zaidi la kugusana na maji. Kwa hiyo unaweza kutumia shaba kidogo na kupata kazi kubwa. Haya si maneno ya tangazo tu. Mwaka 2016 Wade Elmer na Jason White, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani, walieleza majaribio ya miche ya nyanya na biringanya: wakaipulizia majani chembe za nano za oksidi za metali kabla ya kuipanda kwenye udongo wenye kuvu wa mnyauko, na oksidi ya shaba ikaonyesha matokeo mazuri. Kinachovutia ni kwamba dawa iliwekwa kwenye majani ilhali ugonjwa uko mizizini. Maelezo yao ni kwamba mmea uliolishwa shaba vizuri hujitetea wenyewe, kwa kuwa vimeng'enya vyake vya ulinzi vinahitaji shaba. Hapo nikaikumbuka ile mibuni ya miaka ya ukoloni iliyopata nguvu bila kuwa mgonjwa.

Upande wa pili nao upo. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba chembe za nano za oksidi ya shaba huingia kwenye mizizi ya mahindi, hupanda hadi majani, na kushuka tena. Mwaka huo huo wengine walikuta uharibifu wa vinasaba katika miche ya figili na ya nyasi iliyokuzwa kwenye chembe hizo hizo. Dozi zilikuwa kubwa, na mambo yalifanyika maabara, kwenye vyombo visivyo na mboji wala nyungunyungu. Shambani hali ni nyingine, ama nafuu ama mbaya zaidi kutegemea udongo. Asidi huilegeza shaba. Chokaa, samadi na majani ya migomba huishika. Bibi zetu waliokuwa wakibeba samadi ya ng'ombe wa bandani kila asubuhi huenda walifanya kazi kubwa kuliko walivyosifiwa.

Mimi ninaipa nano nafasi yake. Ikiwa kilo 4 zinaweza kuwa nusu kilo, basi mjukuu wa mtu fulani atashukuru. Ninachokiogopa ni kijiko. Dawa yenye nguvu ndogo humvumilia mkulima aliyekosea kipimo. Iliyosagwa nanometa 50 haimvumilii sana, na lile kopo halikueleza chembe zake zina ukubwa gani, wala lina gramu ngapi za shaba. Babu alikuwa na kisu cha kumwambia kwamba amekosea. Kwa kopo hili baba mdogo hana kisu. Tena anaanza na udongo ambao tayari una deni, na hakuna aliyewahi kumsomea salio.

Nilimwandikia hivyo, kwa maneno machache. Akapiga simu. "Sasa nifanye nini, nikae na mikono mifukoni?" Nikamwambia asubiri kununua, tupime udongo kwanza: shaba na kiwango cha asidi. Chotara zenyewe zinastahimili magonjwa. Huenda haihitaji dawa nyingi kiasi anachodhani. Maharage ayajaribu kwanza mstari mmoja chini ya mibuni ya zamani na mwingine karibu na banda la ng'ombe, ang'oe machache wiki ya nne atazame mizizi. Ikiwa mifupi na ya kahawia, anipigie.

Juzi alituma picha ya mifuko mitatu ya plastiki juu ya meza ya bibi, kila mmoja na karatasi yake ya mwandiko wa kalamu. Wa kwanza: chini ya kahawa. Wa pili: kwa ng'ombe. Wa tatu sikuuomba. Ulitoka kwenye kile kipande nyuma ya nyumba, chenye ukubwa wa kitanda, ambapo babu alichanganya dawa na kumwaga mabaki, na ambapo tangu utoto wangu sijaona hata jani moja likiota.